Muuguzi Clementi Keraryo na Picha ya Maktaba

Baba Paroko, wazee wa ukoo mliotoka Kiagata, majirani wa Kigera, wauguzi na madaktari mliofanya kazi na marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa na wafiwa, familia imemwomba Silasi, mdogo wa marehemu, asome maisha ya kaka yake, na imemwagiza asome yote, pamoja na yale ambayo kwenye misiba watu wamezoea kuyaruka.

Clementi Keraryo alizaliwa tarehe 14 Julai 1968 katika kijiji cha Kiagata, ambacho sasa kiko Wilaya ya Butiama, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kasmiri Keraryo na mama Gati, wafugaji wa Kikurya, wote wawili wametangulia mbele za haki. Alianza darasa la kwanza kijijini hapo mwaka 1976, akamaliza la saba mwaka 1982, akasoma sekondari mjini Musoma hadi 1986, akiishi kwa shangazi yake mtaa wa Mwisenge, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi na kuhitimu cheti cha uuguzi na ukunga mwaka 1990. Shangazi alikuwa akisema kwamba Clementi alichagua ukunga kwa sababu mama yake alipoteza watoto wawili kwa kukosa mtu wa kumsaidia, lakini mwenyewe alipoulizwa alijibu tu kwamba alipenda sare nyeupe iliyopigwa pasi.

Tarehe 1 Machi 1991 aliajiriwa katika zahanati moja ya Bugwema, Musoma Vijijini, akakaa huko miaka mingi kuliko alivyokaa mahali pengine popote, akajifunza Kijita mpaka akina mama waliokuwa kwenye uchungu wakimtukana kwa lugha hiyo naye akawajibu kwa lugha hiyo hiyo, wakacheka katikati ya maumivu. Huko ndiko alikokutana na Dorkas, binti wa familia ya wavuvi wa Majita, wakafunga ndoa takatifu tarehe 26 Agosti 1995. Wajomba wa Dorkas walikuwa na wasiwasi, na mmoja wao alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, Wakurya wanapigaga wake zao, umefikiria vizuri?" Dorkas akamjibu, "Huyu, mjomba? Kuku tu anampelekeaga jirani amchinjie." Hilo lilikuwa kweli hadi mwisho wa maisha yake, na majirani wa Kigera waliokuwa wakiletewa kuku wa Krismasi ni mashahidi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Stellah aliyezaliwa 1997, Edwin 2002, na Gody 2007.

Tarehe 22 Novemba 2014 wananchi wa Bugwema walitoka kufyeka vichaka vilivyoizunguka zahanati, maana malaria ilikuwa imewachosha, kila mtu na jembe lake au panga lake, na muuguzi wao alikuwa mbele, shati limerukiwa na tope, mdomo wazi, akiongoza wimbo. Mpiga picha wa gazeti moja, aliyekuwa amefuatana na wageni kutoka wilayani, alimpiga picha akiwa ameinua panga juu ya kichaka, na nyuma yake walionekana akina mama wakicheka na ukuta mweupe wa zahanati wenye tangazo la chanjo. Clementi alifurahi, akamwuliza lini watajiona gazetini, naye akasema, "Mtajiona tu, dokta."

Alijiona tarehe 3 Februari 2015. Katika kijiji kimoja cha mbali kaskazini, ambako Clementi hakuwahi kukanyaga, watu walikuwa wameuana kwa ugomvi wa ardhi, na Dorkas alirudi kutoka mjini na gazeti alilokuwa amepewa na rafiki yake, ukurasa wa mbele umeandikwa kwa herufi nene, WAKURYA WACHARANGANA TENA, na chini ya maneno hayo yuko mume wake. Akina mama walikuwa wamekatwa, ukuta umekatwa, kichaka kimekatwa, amebaki Clementi peke yake, panga juu, mdomo wazi, na tope la shatini limegeuka jeusi kama damu iliyokauka, na pembeni, kwa herufi ambazo mtu alihitaji kusogeza gazeti karibu na macho ili azisome, imeandikwa Picha ya maktaba. Clementi alicheka kwanza. Kisha akalisoma gazeti lote taratibu, akalikunja, akamwomba Dorkas afunge mlango, ingawa ilikuwa mchana na jua linawaka.

Wiki iliyofuata alikwenda Musoma kwenye ofisi ya mwakilishi wa gazeti, akiwa amevaa sare yake, akaeleza yeye ni nani na picha ilipigwa wapi. Mwakilishi alimsikiliza kwa heshima, akamwambia, "Mzee, hapo tumeandika maktaba, hakuna mahali tumekutaja jina."

"Hamjanitaja," Clementi alisema, "mmenionyesha."

Akaahidiwa kwamba picha haitatumika tena, na alirudi Bugwema akiwa na amani kidogo. Lakini picha ikishaingia kwenye hazina ya gazeti hukaa ikisubiri habari ya kufanana nayo, na habari za kufanana nayo hazikukosekana, kwa kuwa kila Mkurya mmoja alipokosea, waandishi waliandika Wakurya, na kila walipoandika Wakurya walihitaji uso. Ilitoka tena kwenye habari ya wizi wa ng'ombe, ikatoka kwenye habari ya koo mbili zilizogombania malisho, kisha ikatoka kwenye makala ndefu iliyouliza kwa nini wanaume wa Kikurya hupiga wake zao, na Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, wanawake wawili wa jumuiya walimvuta Dorkas nyuma ya kanisa, wakampandisha mikono ya gauni polepole kutafuta alama. Dorkas hakukasirika, alijua wanampenda, lakini aliporudi nyumbani alishindwa kumwambia mume wake kilichomchelewesha, na Clementi, aliyekuwa ameona kutoka mlangoni mwa kanisa, alishindwa kumwuliza. Tangu siku hiyo hakuinua tena sauti yake mbele ya mke wake mahali penye watu, hata kumwita kutoka ng'ambo ya barabara.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa hofu yake, na familia inapenda ieleweke ilikuwa hofu ya namna gani. Clementi aliogopa kuogopwa. Aliacha kubeba kitu chochote chenye makali, hata kisu cha kukatia muwa. Redio ilipotangaza mauaji mahali popote mkoani, hakusikiliza kwanza nani amekufa, alisikiliza kama watataja kabila, na wakimaliza bila kulitaja alishusha pumzi, kisha akaona aibu kwa sababu kuna mtu amekufa na yeye ameshukuru. Kulikuwa pia na kipindi cha vichekesho kilichopendwa sana, chenye mhusika wa Kikurya aliyekuwa akifoka na kutishia kuchinja kila mtu huku akichanganya r na l, na siku moja Clementi alimkuta Edwin sebuleni akifanya mazoezi ya kutamka maneno kama watu wa pwani, rarua, lala, ruhusa, tena na tena, kwa sauti ya chini. Shuleni walikuwa wamempa jina la Panga.

Mwaka 2018 alihamishiwa zahanati nyingine wilayani Bunda, akaenda kwa furaha, akiamini kwamba amekwenda mahali wasipoijua ile picha, lakini watu walikuwa wameshaanza kuipokea kwenye simu zao. Mwezi Agosti mwaka huo aliletwa msichana aitwaye Mary, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshakolea, na Clementi alipoingia na glavu mkononi Mary alimtazama, akarudi nyuma juu ya kitanda mpaka ukutani, akasema, "Simtaki huyu. Huyu ni yule wa panga. Mama, msiniache na huyu."

Clementi alitoka nje. Muuguzi mwenzake, Anastazia, alikuwa mapumziko nyumbani kwake, na mpaka alipopigiwa simu na kufika kwa bodaboda, kichwa cha mtoto kilikuwa kimekaa mahali pabaya muda mrefu, na Clementi alikuwa amesimama chini ya dirisha akisikia kila kitu, akijua kinachoendelea kwa sauti tu, bila kuthubutu kuingia, maana aliogopa kwamba akiingia kwa nguvu atakuwa amefanya kile kile ambacho watu husema Wakurya hufanya. Mtoto alitoka hai, wa kike, akalia baada ya kufinywa nyayo. Anastazia alipotoka alimkuta amekaa chini na glavu bado mikononi, akamwambia, "Kaka, inuka, wote wazima," naye akasema, "Leo ningeweza kuua mtu kwa kukaa nje." Tangu wakati huo presha yake, aliyoipima mwenyewe, ilianza kupanda.

Tarehe 12 Novemba 2021 ndiyo siku ambayo familia isingependa kuisoma. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameuawa jirani na Bunda, aliyeua hakujulikana, na ukurasa mmoja wa mtandaoni, kwa haraka ya kuwahi wengine, uliweka ile picha juu ya habari, safari hii bila hata neno la maktaba, na watu walioipokea wakaongezea maneno yao, mpaka ilipofika sokoni ilikuwa imeandikwa kwamba huyu anatafutwa. Clementi alikuwa kwenye meza za samaki akichagua ningu, kwa sababu Dorkas alikuwa amekuja kumtembelea na alipenda ningu, wakati kijana mmoja aliponyanyua simu, akaitazama, akamtazama Clementi, akaitazama tena.

"Mzee, wewe unaitwa nani?"

Akasema jina lake, nalo, kwa kuwa ni la Kikurya, lilizidisha mambo badala ya kuyapunguza. Watu walimzunguka, wengine wakiwa hawajui wamezunguka nini, na mmoja akasema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejaribu mizani, "Hebu sema, lori limelala barabarani."

Clementi alijua kwamba ulimi wake haungeweza. Alikuwa amezungumza Kiswahili maisha yake yote, amefundisha akina mama jinsi ya kunyonyesha kwa Kiswahili hicho, amesoma masomo ya Misa kanisani kwa lugha hiyo hiyo, lakini pale kila herufi ilikuwa mtego, na akanyamaza, na kunyamaza kwake wakakuchukulia kuwa kukiri. Mtu alisema tairi, mwingine akajibu kwamba lipo pale kwa fundi. Kati ya waliosimama kulikuwa na watu aliowachoma sindano, aliowatibu watoto wao, aliwatambua mmoja mmoja, na baadaye alimweleza Dorkas kwamba hao ndio waliomtisha kuliko wenye mawe, kwa sababu aliwaona wakitazama chini.

Aliyesogea alikuwa Mary. Alikuwa akiuza dagaa meza ya tatu kutoka hapo, na alikuja, ingawa sauti yake haikuwa ya mtu jasiri, akasema, "Huyu ni muuguzi wa zahanati. Mnamjua, mbona hamsemi?" Duara halikufunguka. Basi akarudi mezani kwake, akamchukua binti yake aliyekuwa amekaa kwenye gunia, mtoto wa miaka mitatu, akaja akamweka mikononi mwa Clementi.

Watu wengi wanaisimulia sehemu hiyo kama mwisho wa hofu, lakini marehemu mwenyewe hakuisimulia hivyo. Alisema kwamba hapo ndipo alipoogopa zaidi katika maisha yake yote, kwa sababu mtoto hakumjua, na alikuwa na uhakika kwamba mtoto atalia, na akilia tu, watu wale watapata ushahidi waliokuwa wakiungoja. Alimshika kama alivyozoea kushika watoto, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, akatazama pembeni ili asikutane naye macho. Mtoto alimkagua usoni, akashika kola ya shati lake, akaanza kutafuna kifungo. Hakulia. Duara likalegea kidogo, waliokuwa wakitazama chini wakaanza kusema wanamfahamu, mmoja, kisha wawili, kisha wengi kwa pamoja kana kwamba walikuwa wamesema tangu mwanzo, na askari walipofika walimchukua kwa usalama wake, wakapiga simu zahanati, wakamkabidhi kwa mke wake siku ile ile. Mhalifu wa kweli alikamatwa baadaye, naye hakuwa Mkurya, na habari hiyo ilipotoka haikutaja kabila lolote.

Mwaka 2022 Clementi aliomba uhamisho, akarudishwa Musoma, na familia ikahamia hapa Kigera. Wengi wenu mnamkumbuka kwa barakoa yake. Watu walipokuwa wameshaacha kuzivaa yeye aliendelea nazo, kazini, njiani, kanisani hata wakati wa kuimba, na wapo waliodhani ana kifua kikuu. Hakuwa na kifua kikuu. Alisema wakati wa ule ugonjwa wa korona ndio pekee aliopata kutembea mjini kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kila mtu alikuwa amefunika uso, na alishindwa kuuacha wakati huo uende.

Stellah, ambaye sasa ni mwalimu, alitaka kulipeleka gazeti mahakamani, na akabishana na baba yake kwa miezi, baba akisema, "Mwanangu, tukienda kule wataitoa tena, itakaa gazetini na redioni wiki nzima, mimi siwezi." Mwishowe alikubali jambo moja tu, kwenda kwa mhariri mwenyewe, na tarehe 18 Septemba 2023 walikwenda wote wawili, Clementi akiwa na barakoa, shati limelowa jasho kabla hawajaingia, mkono wake umemshika Stellah kwenye kiwiko kama mgonjwa anayepelekwa kupimwa. Mhariri alikuwa mtu mstaarabu, aliomba msamaha kwa mdomo, akaahidi kuifuta picha ile kwenye hazina yao na kuomba radhi gazetini, kisha akasema, "Ila tutahitaji picha yako ya sasa, mzee, ukiwa na sare, watu wakuone ulivyo kweli."

Clementi aliivuta barakoa yake juu kidogo. Kisha akasema, "Uso wangu mmeutumia vya kutosha. Safari hii andikeni jina."

Wakaandika. Ilikuwa ukurasa wa ndani, karibu na matangazo ya viwanja, mistari michache, kwamba picha iliyokuwa ikitumiwa ni ya Clementi Keraryo, muuguzi na mkunga, aliyekuwa akifanya usafi wa zahanati, na kwamba hakuhusika na tukio lolote. Aliisoma mara nyingi. Kwenye simu za watu picha iliendelea kutembea, hilo halikuwa na dawa, na barakoa hakuivua, lakini Dorkas anasema kuanzia hapo alianza kulala bila kwenda kukagua komeo la mlango.

Tarehe 6 Januari mwaka huu alipata kiharusi akiwa kazini, akalazwa hospitali ya rufaa hapa Musoma, upande wa kulia ukawa umekufa na maneno yakawa yanatoka nusu. Tarehe 10, alipohitaji oksijeni, ilibidi barakoa ivuliwe, na muuguzi kijana alipoishika, Clementi alimkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akatazama vitanda vya jirani, mpaka Dorkas akamwambia, "Baba Stellah, mwachie, wamelala," akamwachia. Hawakuwa wamelala. Mzee wa kitanda cha pili alimtazama kwa muda, akainuka kwa kiwiko, akasema, "Wewe nakujua."

Clementi alifumba macho. Hakuuliza anamjua kutoka wapi. Dorkas alivuta shuka hadi kidevuni mwa mumewe, akamwomba yule mzee kwa ishara anyamaze, na mzee akanyamaza, akiwa haelewi amekosea nini. Clementi Keraryo alifariki dunia siku iliyofuata, tarehe 11 Januari, alasiri, mke wake na watoto wake wote wakiwa kando yake. Wakati Dorkas akikusanya vyombo, yule mzee alimwita, akamwambia kwamba yeye ni mtu wa Bugwema, kwamba mwaka 1999 mke wake alishindwa kujifungua na mvua ilikuwa imekata barabara, na huyu muuguzi alikaa naye mpaka akajifungua salama, mtoto wa kiume, wakampa jina la Clementi. Alikuwa akitaka kumwambia hivyo tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia kwa upole, hasa yule kijana aliyengoja aachiwe mkono wala hakuunyofoa. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa Bugwema, Bunda na Musoma, dada Anastazia aliyesafiri tangu jana, majirani wa Kigera waliopika na kuchota maji, jumuiya iliyosali nyumbani bila kukosa, na Mary, ambaye amekaa pale nyuma na binti yake, na ambaye familia haina neno linalomtosha. Familia ina ombi moja dogo. Mwenye ile picha kwenye simu yake, aifute hapa hapa kabla hatujatoka kuelekea makaburini.

Clementi Keraryo, mwana wa Kasmiri na Gati, muuguzi, mkunga, mume wa Dorkas, pumzika sasa. Hakuna anayekutafuta.